Shaiyr na Mashine za Mioyo Miwili

Shaiyr alizifungulia prosesa za kompyuta juu ya meza ya kukandia unga, maana ndiyo meza pekee nyumbani kwake isiyoyumba. Shemeji yake Kubanych, dereva wa lori wa njia ya Torugart, alikuwa amezileta kutoka Kashgar, upande wa pili wa mpaka, zikiwa ndani ya soksi mpya za sufu, kila prosesa na soksi yake, na soksi zote zimetiwa ndani ya sufuria na kufunikwa.

"Shemeji, soksi kweli?" Shaiyr aliuliza.

"Ulitaka nizitie wapi, mfukoni? Barabara ya kule juu ina mashimo ya kumeza ng'ombe. Hizi zimesafiri vizuri kuliko mimi. Mimi mwenyewe sina soksi nzima."

"Zote kumi zipo?"

"Zipo. Moja imemeguka pembeni. Muuzaji kaapa haina neno."

"Na wewe ukamwamini."

"Alinipa pilau. Mtu akishakupa pilau utamwambia nini?"

Shaiyr alicheka, akaitoa ya kwanza na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa bapa la chuma lenye ukubwa wa kiberiti, zito kuliko linavyoonekana, na upande wa chini umejaa vidoti vya dhahabu. Hizi zilikuwa prosesa za seva. Kabla ya kufika mji wa Naryn kwenye meza yenye unga, zilikuwa zimekaa miaka katika vyumba baridi vya makampuni makubwa, zikihudumia watu maelfu kwa wakati mmoja bila kuzimwa. Makampuni yakinunua mpya, hizi hutolewa kwa magunia na kuuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, ilhali bado zina nguvu ya kulima. Kutoka Osh mpaka Karakol, vijana wasioweza kununua prosesa mpya za gemu walikuwa wamekwisha kuligundua jambo hilo. Sasa zamu ilikuwa ya Naryn, na mikono ya Shaiyr ilikuwa ikimwasha.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, fundi wa simu za mezani mpaka simu za mezani zilipokosa wa kuzipiga. Baada ya hapo alikodi chumba cha chini cha Nyumba ya Utamaduni, akakipaka chokaa, akaweka kompyuta na kukiita Chui wa Theluji. Wako watu walionong'ona kwamba mama mzima anawapotosha vijana kwa gemu. Walikosea. Katika mji ambao baridi haina haraka ya kuondoka, na kijana asiye na pa kwenda hukaa ndani ya gari lililozimwa akinywa, chumba chenye joto na sheria ni msaada kwa kila mzazi. Sheria za Shaiyr zilibandikwa mlangoni: pombe marufuku, kutukana mama wa mtu marufuku, na mwanafunzi mwenye mtihani kesho hakai. Alizisimamia bila kuoneana haya na mtu, hata mtoto wa mkuu wa polisi aliwahi kutolewa nje akiwa ameshikwa kola.

Lakini mashine zake zilikuwa zimezeeka, na majira hayo ya baridi uzee wao ulikuwa na madhara. Lilikuwa limeandaliwa Kombe la gemu jipya la mapigano, watano kwa watano, na mshindi wa Naryn angekwenda kucheza Bishkek masika. Wenye Kombe walisema hivi: mji ukiwa na kumbi mbili zenye mashine za kulibeba gemu hilo, mechi ichezwe hapo hapo mjini, kila timu ukumbini kwake. Usipokuwa nazo, timu zote mbili zisafiri kuchezea Bishkek. Ng'ambo ya mto, ukumbi wa mshindani wake Akjol ulikuwa tayari umepata mashine nzuri. Na kusafiri maana yake ilikuwa kuvuka mlima Dolon katikati ya Januari, barabara ikiwa kioo cha barafu. Wazazi wa vijana wa Shaiyr walikuwa wamekataa katakata. Kama mashine zake hazingekuwa tayari, timu yake ingeondolewa bila kucheza.

Jumatano asubuhi alimaliza kuunga ya kwanza. Bodi kuu alizoagiza zilikuwa za aina yake, kila moja ina viti viwili, hivyo kompyuta moja huketisha prosesa mbili. Alipaka ile dawa nyeupe ya kupozea, akafunga feni, akabonyeza. Feni zilinguruma, kioo kikawaka, na alipofungua ukurasa unaoonyesha kazi za prosesa, vikatokea viboksi vidogo, safu chini ya safu, mpaka vikajaa kioo kizima. Kila kiboksi kilikuwa nguvu moja iliyokaa inasubiri kutumwa. Shaiyr hakuwahi kuona kitu kama hicho. Mashine yake ya zamani ilikuwa na vinne.

Hakungoja chai. Alitia miguu kwenye buti bila kufunga kamba, akatoka mbio kwenda sokoni.

Mzee Baatyrkan, mwalimu wa zamani wa mieleka na msimamizi wa michezo ya vijana mjini, alikuwa amesimama mbele ya muuza nyama. Nyama ilikuwa imeganda hata inakatwa kwa msumeno.

"Suyunchu, mzee wangu, suyunchu," Shaiyr alisema huku anahema.

Kila aliyekuwa karibu aligeuka. Anayeleta habari njema hulitamka neno hilo kwanza, na anayeletewa hutoa zawadi kabla ya kujua ni habari gani. Hapimi wala haulizi.

"Taratibu, binti yangu. Kajifungua nani?"

"Hajajifungua mtu. Toa kwanza."

Mzee alijipapasa mifuko. Pesa alikuwa amekwisha kumpa muuza nyama. Basi aliivua kofia yake ya manyoya ya mbweha, akamvisha Shaiyr hadi kwenye nyusi. "Haya, sema kabla masikio yangu hayajadondoka."

"Mashine ziko tayari. Prosesa mbili kila moja. Mbili, mzee. Kutoka hapa mpaka Bishkek hakuna ukumbi wenye kitu kama hicho. Mechi tuchezee nyumbani."

"Mioyo miwili?" muuza nyama alidakia, msumeno umemsimama mkononi. "Hata farasi wangu hana."

"Farasi wako ana mmoja, tena mvivu," mtu alimjibu kutoka nyuma, na kicheko kikazagaa sokoni.

Mzee Baatyrkan alipiga simu Bishkek palepale, kichwa wazi, mvuke ukimtoka kama birika. "Jumamosi. Naryn, kumbi zote mbili. Ndiyo, nimethibitisha. Andika."

Ni lazima lisemwe wazi, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo. Mashine iliyowaka ilikuwa moja, na gemu lenyewe halikuwa limewekwa. Shaiyr hakukusudia kudanganya. Aliona viboksi vimejaa kioo, moyo ukamtangulia, akauza sokoni kitu ambacho hakuwa amekijaribu. Watu wengi hulisamehe kosa la namna hiyo kwa kuwa lina uso wa furaha. Lakini mwenye kupokea habari hujenga juu yake, na mzee alikuwa amejenga.

Mpaka Alhamisi mchana mashine zote tano zilikuwa zimeungwa. Prosesa iliyomeguka ilikataa kuwaka licha ya pilau la Kashgar, kwa hiyo mashine ya tano ikabaki na moja tu. Vijana waliipa jina la Kapera, na hakuna aliyetaka kuikalia. Perizat, msichana wa pekee kwenye timu, alichelewa kwa sababu alikuwa anakama ng'ombe, akakuta Kapera ndiye aliyebaki.

"Pole, dada," Eldos alimwambia. Ndiye aliyekuwa nahodha, kijana mwenye mikono mepesi na mdomo mwepesi zaidi. "Mioyo miwili ni ya wanaume wa kazi."

"Wanaume wa kazi wamekwenda Urusi kutafuta kibarua," Perizat alijibu, akavaa vifaa vyake vya masikio.

Gemu lilifunguka. Picha zilikuwa safi, mwanga unacheza juu ya mawe, theluji inaanguka kama ya nje. Vijana walipiga mluzi. Kisha mapigano yakaanza, na mambo yakaharibika. Gemu lilikwenda, likasimama, likaruka. Adui aliyekuwa mlangoni mara yuko dirishani bila kupita katikati. Risasi zilitoka baada ya mtu kufa.

"Dada Shaiyr, huyu kaniua kabla sijamwona," Eldos alisema.

"Mtandao leo mbaya."

"Mtandao nimeupima, mzuri."

"Basi gemu jipya. Litazoea."

"Gemu linazoea? Gemu ni mbuzi?"

Shaiyr alizima, akawasha, akabadilisha nyaya, akalaumu umeme, akalaumu baridi. Kwa muda mrefu alilaumu kila kitu isipokuwa kile alichojisifia nacho. Na kichwani mwake ile kofia ilikuwa inamchoma. Hawezi kuirudisha. Suyunchu hairudishwi, ukiirudisha, umemwambia mtoaji kwamba furaha yake ilikuwa upuuzi, tena mbele ya soko zima. Njia ya heshima ilikuwa moja tu, kuifanya habari iwe kweli, na Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

"Mimi kwangu linateleza tu," Perizat alisema kutoka kona.

"Wewe huoni tofauti," Eldos alimwambia. "Umezoea kuangalia ng'ombe."

"Njoo ukae, basi."

Eldos alikaa kwa Kapera kwa dharau, mguu mmoja nje ya kiti. Akacheza raundi moja. Mguu ukarudi ndani. Akacheza ya pili, safari hii ameinamia kioo.

"Dada," alisema mwishowe, "hii inakwenda kama maji."

Shaiyr alifika kwa hatua mbili. Aliangalia kioo cha Kapera, kisha akageuka kuangalia zile nne zenye fahari, na damu ikampanda usoni. Hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Alichukua bisibisi, akafungua ubavu wa mashine iliyokuwa karibu, akainama juu ya bodi.

Prosesa mbili zilikaa mbali kidogo, na kila moja ilikuwa na vijiti vyake vya kumbukumbu ubavuni pake. Ilikuwa mbele ya macho yake tangu mwanzo. Alifikiria mwanamke aliyepewa mahema mawili. Akipika kwa ajili ya karamu, kila hema linapika chungu chake na wageni wanakula haraka mara mbili. Ndiyo kazi ya seva hiyo, wageni maelfu na vyungu vingi. Lakini gemu ni chungu kimoja. Unga uko hema hili, chumvi iko hema lile, na mpishi anavuka ua wenye theluji kwa kila kijiko. Kila anapovuka, gemu linasimama. Kapera hakuwa na hema la pili, kwa hiyo hakuwa na ua wa kuvuka.

"Tunatoa moja," alisema.

"Tunatoa nini?" Eldos aliruka. "Dada, mji mzima unajua mioyo miwili. Nimewatumia wale wa ng'ambo picha."

"Umewatumia picha ya kitu kinachokwama."

Alitoa prosesa ya pili, akahamisha vijiti vyote upande wa ile iliyobaki, akafunga, akabonyeza. Feni zikanguruma. Kioo kikabaki cheusi. Akabonyeza tena. Cheusi.

"Umeiua," Eldos alinong'ona.

Vijana walisogea wote, pumzi zao juu ya shingo yake. Alishika tochi kwa meno, akafuata kwa kidole njia nyembamba zilizochorwa juu ya bodi, kama alivyokuwa akifuata nyaya za simu enzi zile, kutoka kwenye kadi ya picha kurudi nyuma mpaka zinapoishia. Zilikuwa zinaishia kwenye kiti kilicho tupu. Kadi ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la prosesa aliyoing'oa. Ilikuwa ikizungumza na nyumba isiyo na mtu.

Alicheka na tochi mdomoni. Akaing'oa kadi, akaipandisha tundu la juu, akabonyeza.

Kioo kikawaka. Gemu likafunguka. Eldos alikimbia nalo kwenye jiwe, kwenye daraja, akageuka ghafla huku na huku kama mtu anayemtega farasi, na picha haikusita hata mara moja. Waliitikia kwa mayowe hata mlinzi wa Nyumba ya Utamaduni alishuka ngazi kuuliza kama kuna moto. Perizat alimwinua Shaiyr kutoka sakafuni na kumshusha. Kabla jua halijazama mashine zote nne zilikuwa makapera, na prosesa nne nzima zilikuwa zimerudi kwenye soksi zao. Chumba kilikuwa na joto hata madirisha madogo yanatiririka.

Basi hadithi ingeweza kuishia hapo, kama si simu ya Eldos.

Ijumaa alasiri, wakati wa mazoezi, alikuwa anaisoma huku anacheka mpaka anashika tumbo. "Sikilizeni. Wale wa ng'ambo wamekwama. Wanaruka kama vyura."

"Wamekwama vipi?" Shaiyr aliuliza. "Akjol ana mashine nzuri."

"Alikuwa nazo. Aliposikia habari ya mioyo miwili, kaziuza siku ileile, kanunua za prosesa mbili kwa mtu mmoja aliyekuja nazo kutoka At-Bashy. Tano, zote mbili-mbili. Tangu jana hawajacheza raundi nzima." Alifuta machozi. "Kesho tunawachinja, dada. Hata bila kuamka."

Vijana walicheka. Perizat hakucheka. Shaiyr aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Alisikia wapi?"

"Sokoni. Kila mtu alisikia sokoni."

"Alisikia kutoka kwangu."

"Sasa? Ulimshika mkono akanunue?"

Shaiyr alianza kuvaa koti. Eldos alielewa, na uso wake ukabadilika.

"Dada, usifanye hivyo. Nakuomba. Masika ni Bishkek. Wewe unajua nimeingoja kiasi gani? Acha tushinde kwanza, Jumapili ukamwambie."

"Jumapili itamsaidia nini?"

"Yeye angekuambia wewe?"

"Sijui. Wala si yeye aliyepiga kelele sokoni." Alimtazama kijana huyo, aliyempenda kama wa kwake, bila kulegeza jicho. "Nilisema jambo ambalo sikulijaribu. Mtu kaliamini, kaumia. Nikinyamaza leo, si kosa la furaha tena. Ni wizi. Na wewe ukishinda hivyo, utaenda Bishkek ukiwa umebeba nini?"

"Kikombe," Eldos alisema kwa uchungu.

"Endeleeni na mazoezi."

Alivuka daraja la mto akiwa na bisibisi mfukoni. Akjol, mwanamume mnene wa rika lake, alikuwa amepiga magoti kati ya mashine zilizofunguliwa matumbo, na timu yake imekaa ukutani kama watu wa msibani.

"Dada Shaiyr," alisema bila kuinuka, "umekuja kuangalia mazishi?"

"Nimekuja kukwambia utoe prosesa moja kwenye kila mashine."

Alicheka kwa pua. "Kesho mechi, leo unaniambia ning'oe nusu ya mashine yangu. Mimi nimezaliwa lini, jana?"

"Zangu nimeng'oa."

"Nani kaona?"

"Nimeona mimi. Akjol, nilijisifu kabla ya kujaribu. Zilikwama kama zako. Aliyeniamsha ni Perizat."

"Huyo nahodha wako alinitumia picha za prosesa mbili na vikaragosi vya kucheka."

"Alituma kabla hatujajua. Na ningemjua ni mtu wa picha ningemnyang'anya simu." Alitoa bisibisi. "Nipe ile unayoiona mbaya kuliko zote. Nikiiharibu, timu yangu inakuachia mechi. Sema mbele ya vijana wako hawa, nami nasema mbele yao."

Akjol alimpima kwa macho, kisha akasukuma mashine moja kwa goti. Shaiyr alipiga magoti kando yake. Alitoa prosesa, akahamisha vijiti, na safari hii aliihamisha kadi kabla ya kubonyeza. Kijana mmoja wa Akjol alikaa, akawasha gemu, akakimbia nalo kwenye daraja. Alikwenda mpaka mwisho wa daraja na kurudi. Alivua vifaa vya masikio, akamwangalia tajiri wake, akatabasamu mpaka magegoni.

"Zilizobaki nitatoa mwenyewe," Akjol alisema, sauti imemshuka. "Keti kwanza unywe chai. Kuna boorsok za mama, maandazi ya moto."

"Sina nafasi ya chai. Nina nahodha amenuna."

Jumamosi, Chui wa Theluji hapakuwa na pa kuweka mguu. Wazazi walikuja, muuza nyama alikuja, Kubanych alikuja na abiria wake wawili aliowaambia lori limeharibika. Mzee Baatyrkan alikuwa amewekewa kiti mbele, karibu na kioo kikubwa cha watazamaji. Shaiyr alimwendea wakati vijana wanajipanga, akasimama mbele yake, watu wote wakisikia.

"Mzee wangu, Jumatano nilikuletea habari ambayo haikuwa kweli bado. Nilikuwa nimewasha mashine moja, tena bila gemu. Na hayo ya prosesa mbili yalikuwa majivuno. Sasa kila mashine ina moja."

Mzee alimtazama. Alikuwa amejifunga kitambaa cha mkewe masikioni, na hakuna aliyethubutu kukisemea.

"Na leo ni kweli?"

"Leo ni kweli."

"Basi sogea, unanizibia kioo."

Mechi ilianza. Ilikuwa mechi ambayo watu wa Naryn waliisimulia kwa kusimama, wakionyesha kwa mikono. Chui walitangulia, ng'ambo wakasawazisha. Eldos, aliyekuwa hajamsemesha Shaiyr tangu jana, alisahau kununa kwenye raundi ya tatu na kuanza kumwita dada kila anapoua mtu. Muuza nyama alikuwa akimwuliza jirani yake yupi ni yupi na kushangilia wote. Mara mbili umeme ulitetemeka na watu wote wakashika pumzi, na mara mbili ukatulia. Shaiyr hakuangalia alama. Alizunguka nyuma ya viti, mkono juu ya kila mashine kama mtu anayewapima watoto homa, akisikiliza feni. Zilikuwa zinapumua sawasawa.

Raundi ya mwisho ilikuwa sare. Wanne wa Chui walikwisha anguka, wawili wa ng'ambo walibaki, na upande huu alibaki Perizat peke yake nyuma ya ukuta uliobomoka. Alimtoa wa kwanza kwa risasi moja, haraka hata watu walichelewa kupiga kelele. Kisha akageuka kumtafuta wa pili, na wa pili alikuwa amemtangulia kwa kupepesa jicho. Gemu halikuruka. Halikusita. Lilionyesha kila kitu kama kilivyotokea, na kilichotokea ni kwamba kijana wa ng'ambo alikuwa mwepesi zaidi.

Ng'ambo walikuwa wameshinda. Watu waliguna kwa pamoja, kisha mzee Baatyrkan akaanza kupiga makofi, na chumba kikamfuata.

Eldos alibaki ameshika kibodi. Shaiyr alisimama karibu naye akingoja lawama, maana kijana alikuwa na haki ya kulaumu, na yeye Shaiyr hakuwa na nia ya kujitetea. Kijana alifungua mdomo, akatazama mashine, akatazama nyaya, akatazama taa ya mtandao iliyokuwa inawaka vizuri kabisa.

"Haikukwama hata mara moja," alisema kwa hasira. "Hata mara moja, dada. Sina hata wa kumsingizia."

"Hapana. Huna."

Alipumua kwa nguvu, akatoa simu, akaibonyeza kwa kidole gumba kama anaipiga ngumi. Shaiyr alisikia ikiita, kisha sauti ya Akjol ikiwa katikati ya mayowe ya ukumbi wake.

"Kaka Akjol," Eldos alisema, "hongereni. Sasa sikiliza, kabla hamjalewa sifa. Jumamosi ijayo mnatupa marudiano, au mnaogopa?"